Kijazo, Dakika Nne

Fundi akiziba ufa vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba ukuta uliwahi kupasuka. Ndiyo maana mtu aliyeitwa Kiraka alifanya kazi katika kituo cha televisheni kwa miaka thelathini na moja, na siku alipokwenda dirishani kuulizia barua yake ya kustaafu, karani alimtazama kwa heshima zote akamwuliza, "Samahani mzee, umekuja kumwona nani?"

Kazi yake ilikuwa kujaza mapengo. Kipindi kilipokwisha kabla ya wakati, au mgeni wa mahojiano alipochelewa, au mechi ilipovunjwa na mvua, palibaki dakika tatu, nne, wakati mwingine saba, za kioo kitupu. Kwa watu wa televisheni, kioo kitupu ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Hapo mkuu wa zamu alitoa kichwa mlangoni na kupiga kelele kwenye korido, "Kiraka! Nne na nusu!" Naye aliinuka, akanyoosha mkono kwenye rafu bila hata kutazama, akashusha kanda ya dakika nne na sekunde ishirini na nane. Sekunde mbili zilizobaki aliziachia giza, ili watu, kama alivyopenda kusema, wapate nafasi ya kupepesa macho.

Wenzake walidhani anaokota chochote kilicho karibu. Hawakujua kwamba kila mchana, wao walipokwenda kula, yeye alijifungia katika maktaba ya kanda, chumba kirefu kisicho na dirisha, akatafuta punje ndani ya makapi. Kulikuwa na masanduku ya katuni za zamani yaliyoletwa kama zawadi kutoka nchi za mbali, na tangu yapokelewe kwa picha na kupeana mikono, hakuna aliyewahi kuyafungua. Kiraka aliyafungua. Nyingi zilikuwa upuuzi wa panya kukimbizana na masufuria. Lakini mara moja katika sanduku zima alikutana na kitu kilichomfanya asahau mkate mkononi. Palikuwa na bibi aliyefua mawingu na kuyaanika kambani, kisha akayakunja moja baada ya jingine mpaka mbingu ikabaki safi na yeye akakosa la kufanya. Palikuwa na konokono aliyeazimwa mwavuli na chura, na mvua ilipoanua akaanza safari ya kuurudisha ng'ambo ya njia. Akatembea. Maua yakachanua yakanyauka, nyumba zikajengwa, vitoto vya ndege vikapata wajukuu. Alipofika mlangoni kwa chura, tone la kwanza la masika mengine likamwangukia chura puani, naye akasema kwa ishara tu, maana katuni haikuwa na maneno: umewahi.

Kulikuwa pia na video za nyimbo, zile zilizorekodiwa palepale studio kwa nusu siku na kamera moja. Watu walizicheka. Kiraka alizipenda kama mtu anavyompenda mtoto mwenye meno ya mbele yaliyopandana. Mwimbaji mmoja alikuja na jipu shavuni, na kwa kuwa studio ilikwisha kulipiwa walimpiga picha kwa nyuma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiraka aliapa kwamba hajawahi kuona mgongo ukilia vile.

Siku moja barua ilifika kituoni kutoka kwa fundi baiskeli asiyemfahamu. "Ile ya konokono mnairudia lini? Mwanangu hali chakula mpaka aione." Kiraka aliiweka katika mfuko wa shati, akaihamisha shati hadi shati mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyopata katika miaka thelathini na moja, na ilimtosha.

Kosa lake lilikuwa moja, na kwa mtu mwingine lisingekuwa kosa. Katika daftari la maktaba, kila kanda ilipaswa kuandikwa jina la kilichomo na urefu wake. Vipindi vya wengine Kiraka aliviandika kwa mwandiko wa kupendeza. Vya kwake aliandika neno moja tu: kijazo. Kijazo, dakika tatu. Kijazo, dakika nne. Ukurasa baada ya ukurasa. Aliona haya kumpa konokono mstari sawa na hotuba.

Wiki yake ya mwisho kazini, mkuu wa maktaba alimwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti iliyompwaya kidogo, na daftari lile lilikuwa wazi mbele yake.

"Mzee wangu, kaa. Unajua tunahamishia kanda kwenye kompyuta. Mashine imebaki moja inayopumua, na Ijumaa inaondolewa. Sasa, tunahamisha vyenye majina. Nimekutana na mistari mia tisa hapa. Kijazo, kijazo, kijazo. Kijazo gani?"

"Mbalimbali."

"Mbalimbali ndiyo nini? Kompyuta haijui mbalimbali."

"Ningeandika majina yake ungeyajua?"

"Nisingeyajua. Lakini yangehamishwa." Mkuu alifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. "Mtoto asiyepewa jina, mzee wangu, ataitwaje?"

Aliyasema bila nia yoyote. Hakujua amelenga wapi. Kiraka alishukuru, akatoka, akasimama koridoni akiwa ameshika ukuta.

Miaka ishirini na sita nyuma, Kiraka na mkewe walikuwa na binti mmoja, wa miaka saba, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alisimulia akila, akasimulia akioga, akasimulia akilala mpaka neno likakatika katikati. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akimwambia, "Mwanangu, hata cherehani hupumzika ukibadilisha uzi."

Wiki moja mama alisafiri kwenda kumzika mama yake. Hapakuwa na wa kumwachia mtoto, basi Kiraka akaenda naye kazini. Asubuhi hiyo kulikuwa na video inarekodiwa. Mwimbaji alikuwa mwanamke mwembamba ambaye hakuwa na wimbo mwingine kabla ya huo wala hakupata mwingine baadaye. Aliketi kwenye ngazi za jengo, akaimba kuhusu mtu aliyeondoka bila kuaga, na mwongozaji alitaka apite mtu nyuma yake akiwa na sanduku la safari. Walijaribu na mlinzi, mtu wa miraba minne, sanduku likaonekana kama pochi. Ndipo mwongozaji akamwona Chiriku amekaa juu ya kreti anamhadithia fundi wa taa maisha yake yote.

"Wewe bibie, unaweza kubeba sanduku?"

"Naweza. Lina nini?"

"Halina kitu. Jifanye zito."

Chiriku alijifanya. Alipita nyuma ya mwimbaji ameinama upande mmoja, bega limeshuka, mguu wa kushoto ukitangulia kwa ule mwendo wake wa kurukaruka kidogo, kana kwamba ardhi ilikuwa ya moto. Alitembea hivyo hatua nane. Hatua ya tisa akasahau. Akaanza kulibembeza lile sanduku kama kikapu kitupu, huku na huku, akiimba pamoja na wimbo. Kisha akakumbuka, akashtuka, akageuka kumtazama baba yake aliyesimama pembeni mwa kamera. Badala ya kulia au kucheka, aliinua kidole akakiweka mdomoni: nyamaza, usiseme.

Mwongozaji alisema, "Iacheni hivyohivyo. Hata tukirudia mara mia hatupati hiyo."

Njiani kurudi nyumbani baba na binti walifanya mpango. Wimbo ungerushwa Jumamosi ya pili. Nyumbani hawakuwa na televisheni, lakini kwa jirani ilikuwepo, na mara nyingi Chiriku na mama yake walikwenda huko kutazama konokono. Siku hiyo wangemketisha mama mbele kabisa, wakae kimya, halafu mama ajionee.

"Usimwambie," Kiraka alisema.

"Simwambii."

"Wewe Chiriku? Utaweza?"

"Baba, mimi nimekua." Na mama aliporudi akiwa amevimba macho kwa kilio, Chiriku alimpokea kwa mashavu yaliyojaa kama aliyebeba maji mdomoni, akakimbilia nyuma ya nyumba kucheka.

Alikaa na siri hiyo siku sita. Siku ya saba akapata homa. Alasiri ya siku ya pili ya homa, akiwa na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, alimwambia mama yake, "Mama, nina siri. Baba anaijua." Mama akamwambia, "Shii. Nyamaza ulale, utaniambia ukipona."

Siku ya tatu hakukuwa tena na wa kuisema.

Baada ya maziko, mkewe alimwuliza Kiraka mara moja tu. "Alisema ana siri. Alisema unaijua. Siri gani?"

Kiraka alimtazama. Alikuwa amekaa sakafuni na sare ya shule isiyokwisha kushonwa, na alionekana kama kitu ambacho ukikigusa kitamwagika. Alifikiri: nikimwambia sasa, nitamwua. Akasema, "Ilikuwa homa tu. Homa husema."

Uongo ule ulitamkwa kwa huruma. Lakini uongo wa huruma nao unahitaji kulishwa kila siku kama mwingine. Mwongozaji alipoulizia wimbo wake, Kiraka alisema kanda imeharibika. Kabla kanda ya kwanza haijafutwa ili kurekodia mpira, maana kanda zilikuwa adimu, alinakili wimbo ule mwishoni mwa kanda ambayo hakuna binadamu angeiomba: Semina ya Ufugaji wa Nyuki, Sehemu ya Tatu. Kati ya nyuki na wimbo akamweka konokono, kama mlinzi mlangoni. Katika daftari akaandika: kijazo, dakika nne, kijazo, dakika nne.

Wimbo ule haukurushwa hata siku moja. Mtazamaji wake alikuwa mmoja.

Mwanzoni alitazama mara moja kwa mwaka, siku aliyozaliwa Chiriku. Baadaye mara moja kwa mwezi. Baadaye siku yoyote ambayo mkewe, akiwa ameinamia cherehani, alisema kitu kama, "Unajua nimesahau alivyokuwa anatembea? Sura ninayo. Picha zipo mbili. Lakini mwendo umenitoka." Kiraka alikuwa akijibu, "Mungu ndiye ajuaye." Kesho yake mchana alikuwa maktabani, mlango umefungwa kwa ufunguo, anautazama mwendo huo.

Naye kila mara alifanya jambo ambalo mtu wa kanda hafanyi. Juu ya ile mashine kulikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya wafanyakazi wapya: USISIMAMISHE PICHA. KANDA INALIKA. Maana ukisimamisha picha, kanda husimama lakini kichwa cha mashine kinaendelea kuzunguka, kikiilamba mahali palepale. Kiraka alikaa chini ya karatasi yake, akasubiri hatua nane, akasubiri sanduku libembezwe, na Chiriku alipogeuka na kidole kikafika mdomoni, alisimamisha. Dakika moja. Dakika tano. Alimtazama usoni mpaka miguu ya watu waliotoka kula iliposikika ngazini.

Mwaka juzi aliona mistari myeupe ikikata shavu la mtoto. Akasema mashine ni chafu. Akasafisha kichwa chake kwa spiriti na kitambaa, akarudisha, akasimamisha tena. Mwaka jana hakutazama zaidi ya hatua ya tisa. Alijidanganya kuwa ana haraka.

Mwenye mashine wiki hiyo ya mwisho ya Kiraka kazini alikuwa mhandisi wa mkataba, mwanamke aliyevuka hamsini, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi wa viatu. Jumatano Kiraka alimpelekea kanda ya nyuki.

"Kaka Kiraka, nyuki sehemu ya tatu? Ya kwanza na ya pili ziko wapi?"

"Zilifutwa zamani."

"Basi hawa nyuki ni yatima. Hawamo kwenye orodha yangu."

"Najua, dada. Si nyuki. Mwishoni."

Mhandisi hakuuliza zaidi. Aliivuta kanda taratibu mpaka karibu na mwisho, akafunua kifuniko chake, akaiinua kwenye mwanga. Alivaa miwani. Aliikazia macho muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama uzi wa plastiki.

"Kuna mtu ameisimamisha hii hapa," alisema. "Si mara kumi, si mara mia. Imelika mpaka unaona upande wa pili. Na mtu mwenyewe ni wa humuhumu, maana mgeni hafiki kwenye mashine. Kikulacho, kaka…"

"Ki nguoni mwako," Kiraka alimalizia. "Ni mimi. Ni binti yangu."

Mhandisi alivua miwani. "Yuko wapi sasa?"

Kiraka alitikisa kichwa.

"Pole, kaka. Pole sana." Aliilaza kanda juu ya kitambaa kama anayelaza mgonjwa. "Sikiliza. Nitaipitisha mara moja tu, na kompyuta itashika kilichobaki. Mara ya pili inaweza kukatika. Kwa hiyo anayetaka kuiona kwenye mashine yake, aione kesho saa nne. Mama wa mtoto ameshaiona?"

Kiraka aligeuza macho akaitazama ile karatasi juu ya mashine.

"Kaka. Mama wa mtoto ameshaiona?"

Jioni ile alikula kwa shida. Mkewe alikuwa anamalizia sketi ya mteja, pini tatu mdomoni, mguu kwenye kanyagio. Aliongea bila kuinua kichwa, akizungumzia pembeni mwa pini.

"Sema, baba. Tangu ukae hapo unakula kama mtu anayemeza vifungo. Wamekunyima kiinua mgongo?"

"Hapana."

"Umepata mwanamke?"

"Kwa miguu hii?"

"Mwanamke haangalii miguu, anaangalia kiinua mgongo. Sema."

"Kuna kanda kazini," Kiraka alisema. "Chiriku yumo."

Kanyagio lilisimama. Gurudumu la cherehani likazunguka peke yake kidogo, kisha nalo likanyamaza.

"Chiriku gani?"

"Wetu."

Mkewe alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, akazichoma zote kwenye mto wake mdogo. "Yumo vipi?"

"Anatembea. Amebeba sanduku. Kuna mama anaimba, yeye anapita nyuma."

"Ni lini?"

"Wiki ile uliyokwenda kumzika mama."

Hakulia. Kiraka alimwona akihesabu, si kwa vidole bali kwa macho, akipita mwaka kwa mwaka kama mtu anayepanda ngazi gizani akipapasa kila kipandio. Alipofika juu alisema, "Kesho saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitavaa nini?" alisema, na swali hilo alijiuliza mwenyewe.

Kulikuwa bado na jambo la kusema, kuhusu mistari myeupe. Kiraka aliondoa sahani yake. Alijipa tumaini la kipumbavu, kwamba huenda mashine ya mwenye miwani ina macho makali kuliko yake.

Asubuhi mkewe alivaa gauni la maua ambalo alikuwa amelishona kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Mhandisi alimwekea kiti karibu kabisa na kioo, akamwamkia, akamwambia, "Mama, itapita mara moja. Usijali, kompyuta inaandika." Kiraka alisimama nyuma, palepale ambapo angesimama mtu wa kamera.

Nyuki wakapita. Mtu mwenye wavu usoni aliaga watazamaji. Kisha kioo kikawa cheupe, na konokono akatokea na mwavuli wake.

"He!" mkewe alisema. "Huyu!" Akacheka, kicheko ambacho Kiraka hakuwa amekisikia tangu wakiwa vijana. "Huyu namjua! Tulikuwa tunamtazama na Chiriku kwa jirani. Chiriku alikuwa anampigia kelele, kimbia, kimbia, mvua inakuja! Baba, kumbe mlikuwa mnamtoa hapa?"

"Mimi ndiye niliyemtoa."

"Na hukusema." Aliyasema huku bado anacheka. Konokono alifika. Tone lilimwangukia chura puani. Mkewe alipiga makofi mawili madogo.

Wimbo ukaanza. Ngazi, mwimbaji mwembamba, mikono yake juu ya magoti. Mkewe aliacha kucheka. Aliishika pembe ya meza.

Sanduku lilitokea kwanza, kisha mkono, kisha mtoto mzima. Hatua moja. Ya pili. Mguu wa kushoto ulitangulia ukirukaruka, bega limeshuka.

"Ni gauni la njano," mama alisema kwa sauti ndogo sana. "Lile pindo nililishusha kwa uzi mweupe, wa njano ulikuwa umekwisha. Uone uzi! Uone anavyo… ndivyo. Ndivyo hasa. Ardhi inamwunguza." Alianza kutikisa mguu wake mwenyewe chini ya kiti, akiufuatisha. Hatua ya nane. Ya tisa. Sanduku likaanza kubembea, na mama akacheka na kulia kwa wakati mmoja. "Amesahau! Amesahau kuwa ni zito!"

Chiriku alishtuka. Akaanza kugeuka. Mkono ukainuka.

Kioo kikajaa chenga. Mistari myeupe ilimla kuanzia kichwani, ikashuka shingoni, ikafunika mkono, na pale ambapo pangekuwa na uso palikuwa na theluji inayochemka. Sauti iliendelea. Mwimbaji aliimba ndani ya theluji. Ilipotulia, ngazi zilikuwa tupu, na mwimbaji alikuwa peke yake akimalizia ubeti.

Kompyuta ilitoa mlio mdogo. Mhandisi alizima mashine, akatoka nje akisema anatafuta maji.

"Uso wake uko wapi?" mama aliuliza.

"Ulilika."

"Nani aliula?"

Kiraka alinyoosha mkono akagusa ile karatasi juu ya mashine, aliyoiandika mwenyewe, kana kwamba ingeweza kujibu kwa niaba yake. "Nilikuwa nasimamisha pale. Anapogeuka. Nilikuwa namtazama."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Miaka yote."

"Miaka yote," mkewe alirudia. "Na mimi nakwambia nimesahau alivyotembea, unaniambia Mungu ndiye ajuaye."

Kiraka aliinua kidole akakiweka mdomoni. "Alifanya hivi," alisema. "Pale aligeuka akafanya hivi. Ulikuwa mpango wetu. Jumamosi tukukalishe mbele kwa jirani, ujionee. Aliniahidi hatasema."

Mama alimtazama mume wake, mzee mwenye kidole mdomoni kama mtoto. Polepole kitu kilifika usoni mwake, kitu kilichokuwa njiani miaka ishirini na sita.

"Ndiyo siri yenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Haikuwa homa."

"Haikuwa homa."

"Alitaka kuniambia, nikamwambia nyamaza. Nikakuuliza wewe, ukaniambia homa husema." Alisimama, akanyoosha gauni lake mahali ambapo halikujikunja. "Sura yake usinionyeshe kwa vidole. Sura ninayo, nilimzaa mimi. Nilichoomba miaka yote ni mwendo tu. Na siri yake. Hivyo viwili tu, baba, na vyote ulikuwa umevikalia."

Mhandisi aliporudi alikuwa ameweka wimbo na konokono katika flashi ndogo. Alimnyooshea Kiraka, kwa mazoea ya kazi. Mkewe akaipokea yeye. Aliifunga ndani ya leso, fundo juu ya fundo, akaitia ndani ya gauni.

Walitembea kurudi nyumbani, mkewe mbele, mumewe hatua tano nyuma. Kwenye kona mkewe alisema bila kugeuka, "Hii ni yangu sasa. Wewe umekwisha kula fungu lako."

Mpwa wao, yule aliyefunga ndoa, alikuja baada ya chakula cha mchana na kompyuta yake, akamfundisha shangazi kitufe cha kuanzisha na kitufe cha kurudisha. Kisha akaondoka, na mlango wa chumba ukafungwa. Kiraka alichukua kigoda, akakaa koridoni, mgongo ukiegemea ukuta wa chumba hicho. Jua la saa tisa lilikuwa limeingia mpaka miguuni pake.

Alisikia wimbo ukianza. Hakuhitaji kuona. Hapo anatokea, sanduku kwanza. Moja, mbili, tatu. Hapo bega limeshuka. Nane. Hapo amesahau, na kupitia mbao za mlango alisikia mkewe akicheka kile kicheko kilicholowa. Hapo anageuka. Hapo chenga.

Wimbo ukakatika kabla ya ubeti wa mwisho. Kimya kidogo. Kisha ukaanza tena kutoka mwanzo, na tena, na tena. Mashine hii haina kichwa kinacholamba. Mkewe angeweza kurudisha mpaka jua litue, hatua nane zisingepungua hata moja. Kila alipofika pale pa kugeuka, Kiraka koridoni aliinua kidole akakiweka mdomoni, kwa wakati wake hasa, bila kupitiliza hata sekunde. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Ndani hakuna aliyekuwa akimwona.